Katani, Msaji na Mkeka wa Mama

Baba yangu aliishi kwa mshahara wa mkonge karibu maisha yake yote ya kazi, na nyumbani kwetu hapakuwa na hata kipande cha zulia la katani. Tulikaa kwenye nyumba za shamba, upande wa Muheza. Alfajiri tuliamshwa na mngurumo wa korona, mitambo ya kuparua majani ya mkonge, na harufu ya maji yake machachu iliingia mpaka kwenye mashuka. Katani ilianikwa kwenye nyaya, ndefu na nyeupe, ikapigwa brashi, ikafungwa marobota, ikapakiwa kuelekea bandari ya Tanga. Kwetu ilibaki kamba ya kufungia mbuzi. Sebuleni tulikuwa na sakafu ya saruji iliyopakwa nta nyekundu na kung'arishwa kwa kumbi la nazi, makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea, na maua ya plastiki ambayo mama aliyaosha kwa sabuni kila Ijumaa.

Vitu vya asili vilikuwa vya uani. Kinu, ungo, pakacha, mbuzi ya nazi, jamvi la kuanikia mpunga, mtungi wa maji chini ya mwembe: vyote vilikuwa na heshima yake, lakini mgeni akibisha hodi aliingizwa mlango wa mbele asivione. Leo wadogo zangu wanacheka wakiona picha za sebule ile. Mimi sicheki. Mama alikulia vijijini Pangani katika nyumba ya kukandikwa, na kila baada ya masika yeye na dada zake walibeba udongo kwenda kusiriba kuta zilizomegwa na mvua. Saruji na plastiki zilikuwa likizo yake. Niliwahi kumwuliza kwa nini haweki ua la kweli ndani, akanijibu, "Mwanangu, hili halinyauki wala halinidai maji."

Nimelikumbuka sana jibu lile tangu mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam aanze kunitumia kwa simu picha za nyumba za watu. Alikuwa amehamia kwenye ghorofa Mbezi Beach, kuta nyeupe, sakafu ya vigae vinavyong'aa, na alitaka kuipa nyumba ile uhai: mbao, vyungu, vikapu, rangi za udongo, mimea kila kona. "Dada, wewe umekulia kwenye vitu hivi, tena nyumba yako ya Pongwe kila mtu anaisifu. Nipange vipi?" Mimi ni mwalimu, si fundi wa mapambo, na nyumba yangu inasifiwa zaidi kwa sababu ina upepo. Hata hivyo nilimjibu, tena kwa miezi, kwa ujumbe wa sauti na kwa safari za basi. Mengi niliyomwambia yanatoka kwenye jibu la mama. Kitu kilichoota ardhini kinaendelea kufanya kazi yake hata baada ya kukatwa, kusukwa na kuuzwa. Kinakunywa, kinatoa jasho, kinavimba, kinasinyaa, kinaliwa na wadudu. Anayekiingiza ndani kwa sababu ya rangi yake tu hajajua ameingiza nini.

Tuanze na katani, maana ndiyo niliyoijua kabla sijajua kusoma. Mkonge si wa kwetu kwa kuzaliwa. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg, na vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62. Vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, si mbali na alikozaliwa mama. Kutokana na miche hiyo michache mkoa mzima wa Tanga ukageuka kijivu cha majani ya mkonge, na mwaka 1964 nchi ilivuna zaidi ya tani 200,000 za katani. Kisha kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, na mashamba mengi yaliyotaifishwa mwaka 1967 yakaanza kumezwa na vichaka. Baba aliyaona yote hayo akiwa kazini. Alipostaafu, katani ilikuwa imeshaanza maisha mengine: mazulia ya watu wasiotaka nailoni, vikapu vya mjini, hata nguzo ambazo Wazungu huwawekea paka wao wakwaruze kucha. Habari ya paka nilipomsomea baba gazetini alicheka mpaka akakohoa.

Sasa, jani la mkonge karibu lote ni maji na nyama ya kijani. Katika kilo mia za majani hupatikana kama kilo nne tu za katani. Nyuzi hizo hata zikikauka hazisahau maji. Zulia la katani linafyonza unyevu wa hewani usiku wa masika na kuurudisha mchana wa kaskazi, na ndiyo maana chumba chenye zulia hilo hakina ile hali ya kunata unayoisikia juu ya zulia la nailoni. Lakini mwagia chai na uisahau robo saa, basi doa hilo ni la milele. Ukiliosha kwa maji ndiyo kabisa, linaota mabaka ya kahawia na kukunjamana pembeni. Zulia la katani hupigwa nje, hupigwa brashi kavu, na doa hukandamizwa kwa kitambaa kabla halijazama. Usilitandike kwenye sakafu ya nyumba ya chini inayopandisha unyevu, utalifunua baada ya wiki chache ukute ukungu. Mdogo wangu yuko ghorofa ya nne. Hapo katani inakaa vizuri kuliko kwangu.

Na bado nilimwambia asiitandike sebuleni kote. Nyumba kwenye zile picha ni nyumba za watu wanaokaa kwenye viti. Sisi tunakaa chini. Mgeni anavua viatu mlangoni, watoto wanalala sakafuni mchana, siku ya futari sinia linatua katikati na watu wazima wanakunja miguu kulizunguka. Katani inakwaruza paja. Mama alipokalia zulia langu mara ya kwanza aliinuka akijipangusa, akasema nimemkalisha shambani. Kwa hiyo Pongwe katani iko kwenye chumba ninachosahihishia madaftari na kwenye njia ya kuingilia, na pale tunapokaa pana mkeka.

Nitarudi kwenye mkeka. Mbao kwanza, kwa sababu mbao ndiyo iliyomgharimu mdogo wangu.

Alinunua meza ya kulia chakula barabarani, kwa fundi ambaye sitamtaja. Ilikuwa ubao mmoja mpana, mnene, ukingo wake ukifuata umbo la gogo, juu umepakwa vanishi mpaka unajiona uso. Nilipoiona nilipitisha kiganja upande wa chini, ambako vanishi haikufika, nikasikia ubaridi. Mbao iliyokauka haina ubaridi ule. Ikawekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi mchana kutwa, na kabla ya mfungo uliofuata ilikuwa imepasuka kutoka kichwa hadi katikati, ufa wa kuingiza kidole. Mdogo wangu alidhani ameuziwa mbao yenye ugonjwa. Haikuwa na ugonjwa wowote, ilikuwa inakauka tu, jambo ambalo ilipaswa kulimaliza kabla ya kuitwa meza.

Fundi aliyenifundisha haya yuko Ngamiani, mjini Tanga, mzee ambaye karakana yake ina mbao nyingi zilizopangwa kuliko zinazorandwa. Nilipokwenda kuagiza meza yangu nilitegemea aniulize vipimo. Akaniuliza dirisha la chumba liko upande gani.

"Kusi inaingia moja kwa moja?"

"Inaingia, mzee wangu."

"Na feni au kiyoyozi?"

"Feni tu."

Akaenda nyuma, akabisha mbao kadhaa kwa kifundo cha kidole akizisikiliza, akachagua za msaji. "Hizi zimeshazoea hewa ya hapa. Lakini, Mwalimu, utasubiri. Mbao haikauki kwa maneno."

Nikasubiri, na kila nilipopita kudai nilirudi na somo. Mbao haisinyai kwa urefu kiasi cha kuonekana. Inasinyaa kwa upana. Kwa hiyo uso wa meza usigundishwe wala kupigiliwa misumari kwenye fremu. Yeye hutoboa tundu refu kidogo kwa kila skrubu ili uso upate nafasi ya kutanuka masika na kujikusanya kiangazi. Mbao nyembamba tatu zilizounganishwa vizuri hutulia kuliko ubao mmoja mpana wa kujionyesha. Msaji una mafuta yake, na mafuta hayo ndiyo yanayoukinga na mchwa, lakini ndiyo pia yanayokataa gundi, kwa hiyo huufuta kwa thina kabla ya kuunga. Tena unakula meno ya msumeno. Kila alipousema msaji alisema kwa sauti ya mtu anayemlalamikia mkwe anayempenda.

Msaji nao ni mgeni, kwao ni India na Burma. Lakini ukipanda gari kutoka Muheza kuelekea Amani unapita katikati ya msitu wa kupandwa wa Longuza, miti imesimama kwa mistari, majani mapana kuliko sinia. Tukiwa wadogo tulisugua majani machanga kiganjani yakatoa rangi nyekundu, tukarudi nyumbani tukidai tumejikata. Meza yangu imetoka huko, na risiti ninayo. Ninalisema hili kwa makusudi. Mninga ni mbao nzuri sana, ukiukata mti wake unatoa utomvu mwekundu mithili ya damu, lakini hauoti kwa mistari. Unatoka kwenye misitu ya miombo, na mwingi umetoka usiku. Mtu akitaka nyumba yake ifanane na msitu, aanze kwa kumwuliza muuzaji mbao ile imetoka wapi na kama ina alama ya nyundo ya watu wa misitu. Mfenesi pia ni mbao ya heshima, ya manjano inayokolea rangi kwa miaka, na Wazanzibari wametengeneza milango kwayo tangu zamani. Mwembe uliozeeka uani unatoa benchi zuri, mradi ukaushwe na uwekewe dawa ya wadudu, la sivyo utakuwa unafagia unga chini yake kila asubuhi.

Meza ya mdogo wangu hatukuitupa. Fundi wa Ngamiani aliona picha ya ule ufa, akasema waiache imalize kufunguka, halafu aifunge kwa vipande viwili vya mbao vyenye umbo la kipepeo vilivyozamishwa juu ya ufa. Ikatumwa Tanga kwa lori la machungwa lililokuwa linarudi tupu. Akaikwangua ile vanishi yote, akaipaka mafuta ya kitani, akairudisha. Sasa wageni wanasifia vile vipepeo kwanza.

Mkeka, basi.

Mkindu huota kwenye ardhi yenye maji. Mama na wenzake hukata kuti changa la katikati kabla halijafunguka, hulichana nyuzi nyuzi, huzianika mpaka ziwe nyeupe, na zile za rangi huchemshwa sufuriani na rangi ya unga ya dukani. Kisha kazi ya mikono inaanza: kusuka ukili, utepe mrefu usioisha, mkono ukienda wenyewe huku mdomo ukisimulia habari za kijiji. Ukili ukitosha hushonwa kwa kuzungushwa, utepe kando ya utepe, na hapo ndipo mistari ya rangi inapokutana au inapokosana. Mwenye jicho anaweza kukuambia mkeka umesukwa na watu wangapi, kwa sababu hakuna wawili wanaokaza sawa. Mkeka wangu mkubwa ni wa mama na shangazi, na kuna mahali katikati ambapo ukili unalegea. Hapo shangazi alipokea. Mama bado anamsema.

Mdogo wangu aliupokea wa kwake, wa zambarau na kijani, akauona mzuri mno kukanyagwa, akautundika ukutani juu ya kochi. Ulipendeza, sikatai. Mama alipokwenda Dar kutibiwa meno aliingia, akakaa, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa wageni mtawatandikia nini?" Mdogo wangu akaeleza habari za mapambo. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema ni vyema, ila ukindu usiokaliwa unakauka na kukatika, maana unahitaji mafuta ya miguu ya watu. Sijui kama hilo ni kweli kwa sayansi ya mimea. Najua kwamba mkeka wa ukutani ulipigwa na jua la dirisha la magharibi ukapauka upande mmoja, na sasa uko chini.

Utunzaji wake si mgumu ila una ratiba. Unafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, unaanikwa kivulini penye upepo, unakunjwa kwa kuviringishwa, haupigwi mikunjo. Masika ndiyo adui. Vikapu, nyungo, mikeka, kila kilichotokana na jani kinaota ukungu mweusi kikiachwa kimegusa ukuta wenye unyevu. Mimi hufuta kwa siki kisha huweka mbele ya feni. Anayetundika nyungo kumi ukutani, mtindo ambao siku hizi nauona kila mgahawa, ajue ana nyungo kumi za kushusha mvua zikianza. Mimi ninazo mbili, na moja bado inapepeta mchele.

Kuna mambo nitayapita haraka. Vyungu: mtungi wa udongo hupoza maji kwa kuyatoa jasho kupitia vitundu vyake, jirani yangu aliupaka wa kwake vanishi ili ung'ae, sasa una maji ya uvuguvugu na sura nzuri. Mapazia: amerikani, ile pamba isiyopaushwa, mita nyingi kwa bei ndogo, inachuja jua bila kulifukuza. Taa: balbu nyingi madukani ni za mwanga mweupe wa Kelvin 6500, unaofaa duka la dawa. Tafuta penye maandishi 2700 au 3000, mwanga wa manjano unaokaribia ule wa chemli, na uziweke chini, mezani na pembeni, badala ya moja kali katikati ya dari. Kwa fedha ya balbu tatu utaibadilisha sebule zaidi kuliko kwa kochi jipya.

Rangi za kuta ndizo tulizobishania zaidi. Picha alizokuwa nazo mdogo wangu zilikuwa na kuta za kahawia iliyokolea, za kijani kizito, na juu ya kiti ngozi ya kondoo. Nyingi zilitoka nchi za kaskazini ya Ulaya. Huko watu wana sababu zao. Stockholm mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri; mtu anarudi kazini gizani, anataka chumba kimkumbatie, awashe mishumaa, ajifunike manyoya. Nilimwambia anipigie simu mwezi wa pili, saa nane mchana, akiwa amekalia ile ngozi ya kondoo Mbezi Beach, umeme umekatika.

Sisi jua letu linatoka juu. Tanga iko karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linapita utosini. Mwanga mwingi unaoingia dirishani mchana haukutoka angani moja kwa moja, umegonga ardhi kwanza. Kwa hiyo rangi ya uwanja wako ndiyo rangi ya dari yako. Pongwe uwanja wangu ni udongo mwekundu, na kuta zangu nilizozipaka chokaa nyeupe hazijawahi kuwa nyeupe kabisa. Asubuhi zina wekundu wa mbali, jioni zinakuwa za dhahabu. Jirani alipotandaza vitofali vya saruji uwanja mzima, sebule yake ilibadilika kuwa na mng'ao wa kuumiza macho, na hakugusa kuta. Sehemu ya chini ya ukuta, kimo cha goti, nimeipaka rangi ya udongo kuzunguka nyumba nzima, ndani na nje. Nyumba za kwetu zimekuwa na mkanda huo siku zote kwa sababu mvua hurusha matope na watoto hupiga mateke. Waliouchora mkanda ule walikuwa wanaficha uchafu, na wakapata urembo.

Chokaa nayo ina tabia yake. Shangazi wa Pangani ana nyumba ya kuta nene za mawe ya matumbawe, ya kurithi, na mwanawe kwa mapenzi mema alimletea saruji aipige lipu upya, ipate kudumu. Lipu ilikuwa imara. Tatizo ni kwamba ukuta wa matumbawe unapitisha unyevu, chokaa inauruhusu kutoka, saruji inauzuia. Unyevu ukabaki ndani na chumvi yake, ukasukuma, na lipu ikaanza kumong'onyoka kwa vipande vikubwa. Watu wanaokarabati nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua jambo hili vizuri. Nyumba ya matofali ya saruji kama yangu haina shida hiyo, chokaa niliyoipaka ni kwa kupenda tu, na huwa inaacha unga kwenye shati la anayeegemea.

Mdogo wangu mwishowe alipaka rangi ya ganda la yai, na ukuta mmoja usio na dirisha akaupaka rangi ya chungu. Ngozi ya kondoo ipo, amemwekea paka.

Mimea imebaki. Hapa nina la kusema kwa sababu nimeiona inakotoka. Ule mmea wenye mashina manono na majani yanayong'aa, unaouzwa kila bustani ya kando ya barabara Dar es Salaam kwa bei ya kushangaza, jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia. Unaota wenyewe kwenye misitu ya pwani yetu, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuuzalisha kibiashara miaka ya 1990, ukaenea maofisini dunia nzima, kisha ukaturudia kwenye chungu cha plastiki. Msituni hupukutisha majani kiangazi na kusubiri mvua, maana umeweka maji kwenye kiazi chake chini. Kwa hiyo anayeununua na kuumwagilia kila siku anauozesha. Nilimwambia mdogo wangu aumwagilie anapokumbuka tu, na kwa tabia yake ya kusahau, umestawi.

Mmea mwingine ni mgumu zaidi. Baba alikuwa na rafiki Amani, na likizo za shule alinichukua kwenda kule juu, kwenye baridi na ukungu. Kando ya njia, kwenye miamba yenye kivuli ambako maji yanatiririka taratibu, kulikuwa na vimaua vya zambarau vilivyolalia jiwe, majani yake yana manyoya laini. Hatukuvijali. Miaka mingi baadaye nilikuta kwamba vimaua hivyo viko madirishani mwa mabibi wa Ulaya na Marekani kwa mamilioni. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani katika sehemu zetu hizi, Walter von Saint Paul-Illaire, aliviona na kumpelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa bustani Hermann Wendland akaviita Saintpaulia, na Wajerumani mpaka leo wanaviita urujuani wa Usambara. Kule vinapendwa hivyo, na huku misitu vinamoota imekatwa kiasi kwamba aina kadhaa ziko hatarini kutoweka.

Ukitaka kukaa nacho ndani, kumbuka lile jiwe. Kivuli chenye mwanga, dirisha la mashariki, jua la mchana lisikiguse. Maji yawekwe kwenye kisahani chini ya chungu, yasimwagwe juu, kwa sababu majani yenye manyoya yakilowa huota madoa. Udongo uwe mwepesi, chungu kiwe kidogo, mizizi yake hupenda kubanwa. Pongwe kwangu joto linakisumbua kuanzia Desemba, nakihamishia chooni, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani, na wageni hushangaa kukiona pale.

Kuna vijana wanaovichimba kule mlimani na kuviuza mjini ndani ya makopo. Mdogo wangu aliuziwa kimoja, akafurahi, na kilikufa kabla hajafika Segera. Nilimpa jani moja la cha kwangu. Jani likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, likafunikwa kwa chupa iliyokatwa, linatoa mizizi, halafu mche. Ndivyo vilivyozaliana Ulaya nzima. Hakuna haja ya mtu kupanda Usambara na jembe.